Wachumba wa Namba Kumi na Saba
Sehemu ya Tisa: Dira ya Mama Yanling

Wiki iliyopita nilikuacha umesimama katikati ya ofisi ya watu, na najua miguu inauma. Haya, kaa, tuendelee.

Namba kumi na saba ilikuwa imewaka kwenye skrini ya ofisi ya nyumba za serikali. Yanling amemshika Boon Teck mkono kama mchumba halali, tabasamu limebanwa usoni kama nguo kwenye kamba. Zimebaki hatua sita kufika meza ya nne. Ndipo sauti ikatoka nyuma yao.

"Ngojeni hapo hapo."

Sauti ya mama yake.

Mama Yanling hakualikwa. Alikuwa na kofia ya jua, mfuko wa plastiki wa maandazi marefu, na shingoni ameninginiza dira ya mbao, ya duara, kubwa kama sahani ya wali, imejaa maandishi mekundu ya kupimia upepo wa heri na upepo wa balaa wa nyumba.

"Mama, nani kakwambia ni leo?"

"Mama yake Boon Teck. Maana mwanangu mwenyewe hanambii kitu, nasubiri kuambiwa na wakwe."

Boon Teck akatazama dari. Dari la ofisi lilikuwa zuri sana siku hiyo.

Kwa wewe uliyejiunga leo, nikupe habari haraka, maana Bi Rosnah wa meza ya nne hana subira. Hawa wawili hawakuwa wachumba tena. Zamani ndiyo, walikuwa. Hapa Singapore mwanamume wa kawaida hahangaiki na goti wala pete. Anamwambia msichana, "Tuombe nyumba?" na msichana akikubali, basi ameposwa, mengine ni karatasi. Boon Teck, fundi wa lifti, aliuliza. Yanling, mpima macho kwenye duka la miwani, akakubali. Wakaomba, wakangoja.

Wakiwa wanangoja, wakaachana. Hapakuwa na mwanamke mwingine, wala pombe, wala kipigo. Ni kwamba kila Yanling alipomuuliza jambo, tule nini, twende wapi, unanipenda kweli, jibu lilikuwa moja kwa miaka minne.

"Sawa tu."

Siku mbili baada ya kuachana, majibu ya nyumba yakatoka. Mtaa wa Queenstown. Waombaji maelfu, na wao namba kumi na saba kwenye foleni ya kuchagua.

Sasa usijifanye malaika. Niambie wewe ungefanya nini. Asiye na mwenzi hapa anangoja mpaka atimize miaka thelathini na mitano ndipo aruhusiwe kuomba, na Yanling ana ishirini na tisa. Kwa hiyo wakakutana mgahawani, wakaagiza kahawa, wakapanga kwa adabu kubwa kabisa. Watafunga ndoa. Watakaa miaka mitano inayotakiwa na sheria, kila mtu na chumba chake. Kisha watauza, watagawana, wataachana tena, safari hii rasmi. Kianzio kitatoka kwenye akiba zao za uzeeni, nusu kwa nusu.

Talaka ilipata tarehe kabla ya harusi. Watu wanaojua kupanga maisha.

"Namba kumi na saba yupo au hayupo?" akauliza Bi Rosnah.

"Tupo," akasema Yanling.

Mama Yanling akatoa pakiti ya tishu, akaiweka kwenye kiti kimoja cha nyuma ili asije akanyang'anywa. Ukumbini mlikuwa na viti hamsini vitupu. Lakini ndivyo tulivyo sisi. Ukiweka tishu yako kwenye meza ya mgahawa, nafasi ni yako, hata mwenye njaa ya siku tatu atakula amesimama.

Wakakaa watatu mbele ya meza.

"Waombaji ni wawili," akasema Bi Rosnah. "Mama ni nani?"

"Mimi ni wa dira."

Bi Rosnah alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mtandio wa rangi ya papai, uso wa mtu aliyekwisha kuona wachumba elfu kumi na kuamini labda kumi. Akageuza skrini.

"Kijani ziko wazi, nyekundu zimeondoka. Meza zote tano zinaona ukurasa huu huu. Mpaka mbonyeze hapa, nyumba si yenu. Msije mkanililia."

Meza ya tano, upande wa pili wa kizuizi kifupi cha mbao, walikuwa namba kumi na sita. Kijana, msichana, na mama mkwe mwenye nywele zilizoviringishwa kama tambi. Walikuwa hapo tangu asubuhi wakigombea jiko liangalie wapi.

Mama Yanling akaomba ramani ya jengo. Akaiweka mezani, akaweka dira juu yake, akaizungusha, akafumba jicho moja. Jengo lenyewe halijajengwa. Pale Queenstown pana udongo mwekundu na kijiko kimoja kinachochimba, na nyumba zitakuwa tayari baada ya miaka minne. Mama wa watu anapima upepo wa ukuta ambao simenti yake bado iko kiwandani.

"Hii jua la jioni litawachoma. Hii mlango unatazama bomba la takataka. Hii ya ghorofa ya nne, sitaki kusikia."

"Ya nne ndiyo ya bei nafuu, mama," akasema Bi Rosnah.

"Najua kwa nini ni nafuu. Kwetu nne na kifo hutamkwa karibu sawa, ni ndugu. We unataka wajukuu wangu walale na kifo?"

Neno wajukuu likaangukia kati ya Yanling na Boon Teck kama sahani jikoni. Yanling akambana kidole.

"Mpenzi," akasema, "we unapenda ipi?"

"Sawa tu," akasema Boon Teck. Akabanwa tena. "Mpenzi."

Dira ikatulia. Mama Yanling akashika kifua.

"Hii. Ghorofa ya kumi na mbili, ya pembeni." Na badala ya kunong'ona, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya, akatangaza kama muuza samaki. "Jamani, mlango unapokea upepo wa kusini. Jiko halitazamani na choo. Nimepima nyumba za ndugu zangu saba, sijaona nyumba yenye mwelekeo kama huu. Hii ni nyumba ya kuingiza pesa na watoto."

Nyuma ya kizuizi, kichwa chenye tambi kikainuka taratibu, kama cha kobe. Kikasikiliza. Kikashuka.

Hakuna aliyekiona. Mimi nilikiona, na wewe umekiona, lakini sisi hatuna sauti pale.

"Vizuri," akasema Bi Rosnah. "Tuangalie kianzio. Nyumba hii inataka dola elfu hamsini na nane mwanzo. Mmesema zinatoka kwenye mfuko wa uzeeni, nusu bwana, nusu bibi. Nifungue akaunti zenu?"

"Fungua," akasema Yanling, na moyo wake ukatulia. Hapa ndipo alipokuwa na uhakika. Miaka minane ameketi gizani akiwabadilishia watu vioo mbele ya macho na kuwauliza, hii au hii, ya kwanza au ya pili. Kila mwezi mfuko ukachukua fungu lake kabla hajalishika. Hizo ndizo pesa pekee maishani ambazo hakuwahi kuzila, kuzikopesha wala kuzitamani. Nusu anaweka ukutani, nusu inabaki ya bibi kizee Yanling, ambaye bado hajakutana naye ila anamheshimu.

Bi Rosnah akabonyeza.

"Ya bibi, elfu sitini na moja. Safi. Ya bwana..." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Ya bwana, mia tatu kumi na nane."

"Elfu?" akauliza Mama Yanling.

"Dola."



Yanling bado alikuwa anatabasamu. Uso ulikuwa umesahau kulishusha tabasamu.

"Mpenzi," akasema, "ziko wapi?"

"Shule."

"Shule gani? Una miaka thelathini na mmoja."

"Ya Shimin." Shimin ni mdogo wake, anasomea uuguzi, na mfuko unamruhusu mtu kumlipia ndugu yake ada. "Nimelipa yote. Miaka mitatu."

"Lini?"

"Jumatatu ile."

"Jumatatu ipi, Boon Teck?"

"Ile baada ya sisi kuachana. Nikaona nyumba hatuchukui tena, na Shimin alikuwa analia, basi..."

Akaishia hapo. Lakini maneno ni kama lifti ya zamani. Yakishaondoka, hata fundi hawezi kuyarudisha kwa mkono.

"Baada ya nini?" akauliza Mama Yanling.

Bi Rosnah akavuta kikombe chake cha chai, akakitazama ndani kwa makini mno.

"Mimi sijasikia kitu," akasema. "Nipo hapa na chai yangu. Nawapa dakika tano, maana namba kumi na nane anakohoa."

"Nijibu," akasema Yanling kwa sauti ndogo. "Juzi nilikupigia simu, nikakuuliza, pesa ziko tayari? Ulisemaje?"

Boon Teck akadidimia kwenye kiti.

"Nilisema sawa tu."

Mama Yanling akainuka. Yanling akafumba macho, akangoja kofi, au kilio, au vyote viwili mbele ya namba kumi na nane. Badala yake akavutwa kiwiko mpaka kwenye mashine ya maji, karibu na mlango wa choo.

"Mama, nisamehe. Nilitaka kukwambia."

"Mmeigiza vibaya," akasema mama. "Umemshika mkono kama umekamata mwizi. Wachumba hawashikani hivyo."

"Ulikuwa unajua?"

"Nimejua mlipokaa. Mimi kwenye maigizo hayo ni mwalimu mkuu." Akachukua kikombe cha karatasi, akajaza maji, asinywe. "Baba yako analala wapi?"

"Sebuleni."

"Kwa nini?"

"Anakoroma."

"Umewahi kumsikia?"

Yanling akakumbuka usiku wa nyumbani kwao. Nyumba yao ina kuta ambazo jirani akipiga chafya wao wanasema pole. Miaka yote hiyo, sebuleni kimya.

"Tuliachana ukiwa darasa la tano," akasema mama.

"Lakini mnakula pamoja. Sikukuu mnakwenda kwa bibi pamoja."

"Tungekwenda wapi? Akiba yangu yote ya uzeeni ya kiwanda cha mashati iko kwenye ile nyumba, na yake iko mle mle. Tukiuza, tulichochukua kinarudi kwenye mfuko na riba yake, na kinachobaki mkononi hakinunui hata choo. Basi yeye akachukua sebule, mimi chumba. Tukasema, tuvumilie mpaka amalize shule. Ukamaliza. Tukasema, mpaka aolewe." Akacheka kwa pua. "Nawe kwa harusi ya maigizo ndivyo ulivyotaka kutufungulia mlango wa kutoka."

Yanling akaegemea ukuta.

"Nina miaka sitini na miwili," mama akaendelea. "Kila siku naosha vyombo vya watu kantini. Watu wananiambia, Mama Yanling una nyumba Toa Payoh, tajiri wewe. Ni kweli. Nina jiko zuri, lina vigae vya Italia. Ila vigae sijaweza kuvichemsha."

"Kwa hiyo nisichukue."

"Nani kasema? Upepo wake ni mzuri, sijadanganya." Akamkabidhi kikombe. "Ila leo utaweka pesa zote za uzee wako mle, na jina la huyu litakuwa mlangoni. Mimi nimeweka tishu kwenye kiti, nimeshika nafasi. Wewe umeshika nafasi kwa kumweka mtu. Tishu hairudi nyumbani na wewe, mwanangu. Huyu atarudi. Kila jioni."

Akaondoka kwenda kuangalia pakiti yake. Ilikuwepo. Hakuna aliyeigusa.

Yanling akanywa maji yote kwa mkupuo mmoja. Elfu sitini na moja kutoa hamsini na nane. Bibi kizee Yanling anaachiwa elfu tatu na fundi wa lifti asiyejibu. Au anakataa, anarudi nyuma ya foleni, anangoja miaka sita chumbani kwake, akimsikiliza baba yake asivyokoroma.

Hii, au hii. Ya kwanza, au ya pili.

Kazini hata mzee wa miaka tisini, mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili, humjibu.

Akarudi mezani. Boon Teck alikuwa ameketi mikono katikati ya magoti. Mbele yake, nyuma ya karatasi ya namba, alikuwa ameandika hesabu: kila mwezi dola mia nne, mpaka amalize. Mwisho wa hesabu akachora lifti ndogo. Huyo ndiye mwanamume wetu. Anataka kumaliza akiba ya mtu, anachora.

"Nitakurudishia," akasema. "Nimepiga hesabu. Miaka sita."

"Tulipanga kuachana baada ya mitano."

Boon Teck akatazama karatasi. Hilo hakuliona.

"Dakika mbili," akasema Bi Rosnah, jicho kwenye chai.

Kidole cha Yanling kikaenda kwenye kitufe. Kikasimama unywele mmoja juu yake.

"Boon Teck. Nikuulize swali moja, na ukisema sawa tu nakupiga na dira ya mama. Kama hii nyumba isingekuwepo. Kama tungepewa namba elfu tatu. Ungenitafuta?"

Boon Teck akavuta pumzi.

Na hapo hapo, mbele ya macho yao, ghorofa ya kumi na mbili, ya pembeni, upepo wa kusini, pesa na watoto, ikageuka kutoka kijani kuwa nyekundu.

Nyuma ya kizuizi mtu akapiga makofi. Kichwa chenye tambi kikainuka, kikamwinamia Mama Yanling kwa heshima kubwa.

"Asante sana, dada, kwa ushauri. Sisi tulikuwa hatujui hayo ya kusini."

Mama Yanling akaitazama dira yake kama mtu aliyeng'atwa na mbwa wake mwenyewe.

"Imekwenda," akasema Bi Rosnah. "Niliwaambia msinililie. Zipo nyingine. Ghorofa ya nne ipo."

"Nne hapana," akasema Mama Yanling, lakini bila nguvu.

"Basi ya takataka. Ya jua la jioni. Chagueni, au niite kumi na nane."

"Ngoja kidogo, dada," akasema Yanling.

Ajabu ni kwamba hakuwa analia. Kidole chake kilikuwa bado hewani, na chini yake hapakuwa na kitu. Pesa zake zote zilikuwa zake, kwa dakika nyingine moja angalau. Akamgeukia Boon Teck.

"Sasa haipo kweli," akasema. "Swali ni lile lile."

Bi Rosnah aliyekuwa ameshapeleka mkono kwenye kitufe cha kumwita kumi na nane, akauacha hapo. Kumi na nane mwenyewe akaacha kukohoa.

Boon Teck akamtazama. Hakutazama dari wala viatu. Jasho lilikuwa limemtoka kama amekwama kati ya ghorofa mbili na mlango haufunguki.

"Hapana," akasema.

Miaka minne Yanling amengoja jibu moja lililonyooka kutoka kwenye ule mdomo. Amelipata, na ndilo hilo.

Akachukua mkoba wake. Akasimama. Mama yake naye akasimama, dira ikagonga meza.

"Kaa, Yanling," akasema Boon Teck. "Sijamaliza."